Minza Hageuki

Katika ukoo wa kina Masele wa Kasoli, mtoto akianza kutembea anafundishwa kwanza kutogeuka nyuma. Minza alifundishwa na bibi yake, Nyanjige, aliyemlea baada ya mama yake kufariki na baba yake kwenda Geita kuchimba dhahabu asirudi tena. Asubuhi ya kwanza ya kwenda shule, bibi alimpaka mafuta miguuni, akamsindikiza hadi mwisho wa ua wa minyaa, akamshika bega.

"Ukisikia kitu nyuma yako njiani, wewe nenda. Kikikaribia, kimbia. Lakini usigeuke."

"Kitu gani, Bibi?"

"Ningekuwa nakijua, ningekutajia jina lake."

Njia ya shule ilipita katikati ya mashamba ya pamba, na msimu ule pamba ilikuwa imemzidi Minza kimo. Hakufika mbali kabla hajakisikia. Hatua laini, kama za mtu anayekimbia peku kwenye vumbi, zikifuata zake. Alikimbia hadi shuleni. Kesho yake alikimbia tena, na keshokutwa, na mwisho watu wa Kasoli wakazoea kuona kile kitoto cha Nyanjige kikipita asubuhi na mchana, shingo imenyooka na macho yakiangalia mbele tu.

Watu walisema ukoo ule una fisi. Kule kwetu mtu anaweza kusemwa kwamba anafuga mbiti, ndio fisi hao, kama mwingine anavyofuga ng'ombe, kwamba anawakamua, anawapanda na anawatuma kazi. Hakuna aliyemwambia Nyanjige usoni, wala hakuna aliyewahi kumrushia jiwe. Walichofanya ni kutokula kwake, basi. Msibani, sahani yake ya michembe, viazi vilivyokaushwa, ilipokelewa kwa mikono miwili, "Wabeja mayu," asante mama, ikawekwa chini, na hakuna aliyeonekana akiigusa. Shuleni, Minza alikula peke yake chini ya dirisha la darasa. Siku moja Joyness, mtoto wa nesi mgeni, aliomba kipande, akapewa, akala. Kesho yake alihamishwa dawati, na tangu siku hiyo alimpungia Minza mkono kutoka mbali tu, kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

Nyuma ya nyumba ya Nyanjige kulikuwa na kibanda cha udongo kisicho na dirisha. Mlango wake ulikuwa mfupi, mtu mzima hakuweza kuingia bila kupiga magoti. Hamkulala mbuzi humo, wala kuku. Hata hivyo kila asubuhi, kabla ya kwenda kisimani, Nyanjige aliinama na ufagio wake wa njiti akaingia, akafagia kimyakimya, akatoka kinyumenyume.

"Kinalala nini humu, Bibi?"

"Wewe fagia uwanja. Mimi niache nifagie pangu."

Minza alipofika kidato cha pili, akaja mwalimu wa jiografia aitwaye Ansbert, mwenyeji wa Bukoba, mrefu, mcheshi, mwenye saa kubwa ya kupimia mbio iliyoning'inia shingoni muda wote hata darasani. Alipanga mbio za kuzunguka mashamba ya shule. Wasichana wote waligeuka mara kwa mara kuangalia nani anawakaribia. Minza hakugeuka hata mara moja, na alimaliza wenzake wakiwa bado kwenye kona ya mbali.

"Watu wanafundishwa miaka wasigeuke," Ansbert alimwambia, "na bado wanageuka. Wewe kakufundisha nani?"

"Bibi."

"Basi bibi yako ni kocha kuliko mimi."

Minza akaona ni mtu wa kuambiwa. Akamweleza zile hatua. Mwalimu hakucheka. Alimwekea vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, kisha akasema, "Unachosikia ni moyo wako. Mtu akikimbia sana, damu inapiga masikioni. Usiogope."

Jibu lile lilikuwa zuri, tena limetoka kwa mtu aliyesoma, na Minza alilishika kwa muda mrefu. Tatizo lake ni moja tu. Moyo hauhemi kwa mdomo wazi, na moyo haunuki.

Ansbert ndiye aliyempeleka kwenye michezo ya shule za sekondari, wilaya, kisha mkoa, kisha taifa. Kutoka huko alichukuliwa kambini, kwenye milima ya Arusha. Huko aliandikishwa kwa jina lake la ubatizo, Anna. Alilipenda. Anna Masele hakuwa na kijiji. Waandishi wa habari walipoanza kumfuata na kumuuliza kwao wapi, alisema Mwanza. Wazazi wake? Wafanyabiashara. Alisema bila kusita, na kila alipolisema jibu hilo lilizidi kuwa kweli.

Akaanza kusafiri kwenda nchi za baridi. Alifikiri kwamba hatua zile ni za vumbi la Kasoli, kwamba haziwezi kuvuka bahari. Mbio zake kubwa za kwanza zilikuwa katika mji wenye barabara pana na theluji chafu imerundikwa pembeni, watu wamejipanga nyuma ya vizuizi wakipiga kengele. Alipofika katikati ya mbio, kelele zikapungua masikioni mwake, kama redio inayopunguzwa, akazisikia. Safari hii hazikuwa laini. Zilikuwa zinagonga. Zilikuwa kucha juu ya lami.

Askari wa mji ule walikuwa na mbwa. Minza aliona mbwa wa kwanza akilala chini, masikio nyuma. Wa pili akalala. Kila alipokaribia, mbwa walijibanza kwenye miguu ya askari wakilia kama watoto, na askari wakawa wanavuta kamba wasielewe. Wakimbiaji wengine walipita wakiangalia. Minza aliongeza mwendo. Kulinuka moshi wa kinyesi cha ng'ombe, moshi ule wa jikoni kwa Nyanjige, katika mji usio na ng'ombe.

Alishinda. Akashinda tena mwaka uliofuata, na mji mwingine, na mwingine. Picha yake ikabandikwa kwenye mabango ya barabarani Dar es Salaam, ameshika chupa ya maji, anatabasamu.

Kasoli waliangalia kwenye simu, vichwa vimegusana. Walimtambua siku ya kwanza, jina au bila jina. Mzee Mahona, kamanda wa sungusungu, aliirudia video ile mara kadhaa, kisha akamrudishia kijana simu yake.

"Huyu hakimbii," alisema. "Huyu anakimbizwa."

*

Aliporudi Bariadi, mji ulio karibu na Kasoli, kujenga, mkoa ulimpokea kwa matarumbeta. Alipandishwa kwenye gari la wazi, bodaboda zikamtangulia zikipiga honi, maofisa wakatoa hotuba. Alijenga nyumba ya bati la bluu pembeni ya mji, yenye geti la chuma na vigae mpaka barazani. Akamwendea bibi yake.

"Twende Bariadi, Bibi. Kuna maji ndani, kuna umeme, kuna mtu wa kukupikia."

Nyanjige alikuwa amezeeka, macho yamekuwa mekundu kwa moshi. Aliipapasa nguo ya mjukuu wake, akaisifia kitambaa.

"Nikija huko, nani atafagia?"

"Bibi, acha hayo."

"Nimekuuliza swali jepesi, ng'wanone."

Minza aliondoka peke yake. Lakini alikuwa na mpango. Aliamini kwamba watu wa Kasoli hawakuwa wamemkataa yeye, walikuwa wamekataa umaskini wa bibi yake, giza la ile nyumba, ule ukimya. Wakiona meza nyeupe, wakiona wapishi wa kukodi kutoka mjini waliovaa kofia, wataketi na kula kama watu. Akachinja madume ya ng'ombe, akatuma mabasi kuwafuata.

Walikuja wote, wamevaa vizuri. Mahona alikuja na koti. Joyness alikuja na watoto wake, maana naye alikuwa ameolewa Kasoli. Walimshika mkono Minza, wakapiga naye picha chini ya vikombe vyake, wakamwambia amewaletea heshima. Chakula kikapita. Wafanyakazi wa serikali, wageni kutoka mikoa mingine, walikula wakarudia. Watu wa Kasoli walipokea sahani zao kwa mikono miwili.

Minza alizunguka meza akitabasamu hadi mashavu yakamuuma. Aliona wali ukisogezwa kutoka upande mmoja wa sahani kwenda mwingine. Aliona nyama ikifungwa kwenye leso. Mtoto wa mwisho wa Joyness alipeleka pande la nyama mdomoni, na mama yake akalipiga likaanguka, haraka, bila hasira, kama mtu anayeua mbu. Macho ya Joyness na Minza yakakutana. Joyness akainama.

Mabasi yalipoondoka, wafanyakazi walikuta nyama imemwagwa chini ya ua mzima, kutoka kona hadi kona. Mtaa ule ulikuwa na mbwa wengi. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuigusa.

*

Asubuhi iliyofuata Minza alikwenda Kasoli. Alimkuta bibi yake ametoka kufagia, magoti yana vumbi.

"Bibi, niambie. Ni kweli?"

Nyanjige aliketi kwenye kigoda chake taratibu.

"Nilipoolewa hapa nilikuta kibanda kinafagiwa. Mama mkwe wangu alinipa ufagio. Nikamuuliza kama wewe ulivyoniuliza. Akaniambia, hata mimi nilikuta. Sijawahi kuona mnyama humo. Sijawahi kumtuma mtu wala kitu. Kama kuna anayewakamua, si mimi."

"Sasa unafagia nini?"

"Nyayo."

Minza akakitazama kibanda.

"Ukifagia leo, kesho vumbi lina nyayo. Za kuingia na za kutoka. Siku zote zimekuwa hivyo. Ulipoondoka kwenda huko Arusha, asubuhi yake nilikuta za kutoka tu. Ikawa hakuna kitu. Miaka yote hiyo nimekuwa nafagia vumbi tupu, nikasema labda wamekufa, mimi nimepumzika." Akapangusa macho kwa upande wa khanga. "Kumbe walikuwa na wewe. Mwezi huu uliorudi, na zenyewe zimerudi."

Minza alipiga magoti mlangoni, akachungulia. Palikuwa pamefagiwa, pasafi, panatoa ubaridi. Hapakuwa na kitu chochote. Aliinuka, akafunga kamba za viatu vyake, akaanza kukimbia kurudi Bariadi, gari lake akaliacha pale pale uani.

Ilikuwa saa sita mchana, jua liko utosini, barabara tupu. Pande zote mbili pamba ilikuwa imepasuka, nyeupe hadi macho yanapofika. Hatua zikaja. Aliziacha zikaribie kuliko alivyowahi kuziacha. Akasikia kuhema. Alikuwa na nyumba, alikuwa na jina lililoandikwa kwenye mabango, alikuwa amelala katika hoteli za ghorofa zisizohesabika, na bado alikuwa yule mtoto mwenye mafuta miguuni. Hasira ikampanda. Akasimama katikati ya barabara, akageuka.

Hapakuwa na kitu. Barabara, vumbi, pamba.

Lakini hatua hazikusimama. Zilimfikia, zikampita kulia na kushoto, nyingi, nyingi kuliko alivyowahi kudhani, upepo wao ukaipeperusha nguo yake na joto lao likamgusa mapajani kama ng'ombe wanaopita zizini. Kule alikokuwa akielekea vumbi la barabara likainuka, likaenda, likaenda, likapotea kwenye mashamba. Kisha kukawa kimya. Kimya ambacho hakuwa amewahi kukisikia tangu azaliwe.

Alirudi nyumbani akitembea, akalala usingizi wa raha.

Mbio zilizofuata hakushinda. Alimaliza nyuma sana, katikati ya watu waliovaa mavazi ya kuchekesha. Hakuwa mgonjwa. Ansbert alimpigia simu, akasema mwili unachoka, akapumzike. Madaktari walisema yuko sawa. Lakini Minza alijua. Alikuwa akikimbia huku hakuna kinachomfuata, na mtu asiyefuatwa hana haraka. Mbio za baada ya hapo aliachia njiani. Mabango yakabanduliwa, mengine yakabandikwa. Aliyemchukulia nafasi alikuwa msichana mwingine, ana miguu mirefu, anatabasamu vizuri.

Nyanjige alifariki kiangazi cha mwaka huo, amekaa kwenye kigoda, ufagio umeegemea goti. Kasoli yote ilikuja kuzika. Walichimba kaburi vizuri, wakaimba vizuri. Minza akafunga nyumba, akarudi Bariadi.

*

Mahona alikuja na wazee wenzake kabla mvua hazijaanza. Waliketi kwenye makochi, miguu wameikunja ili viatu visichafue vigae, kofia mapajani.

"Mwadila, mayu," Mahona alimsalimia. Alikuwa na umri wa kumzaa, lakini alisema mayu.

"Mwadila. Karibuni."

"Kasoli tunaisha. Mbuzi wetu. Tunaamka asubuhi tunakuta mifupa. Si zizi moja, ni yote. Juzi wameingia mpaka kwenye nyumba ya Joyness, wakamvuta mtoto mguu. Yuko hapa hospitali, atapona."

"Mmewaambia watu wa wanyamapori?"

"Wamekuja na bunduki, wameona nyayo. Mnyama hawajamwona." Mahona aliangalia mikono yake. "Tangu Nyanjige afariki, hakuna anayefagia."

Minza alisogea ukingoni mwa kochi. "Mlijuaje kwamba alikuwa anafagia?"

"Mayu, kijiji kizima tulikuwa tunaamka kwa sauti ya ule ufagio."

Nje bodaboda ilipita.

"Mimi sina fisi," alisema Minza. "Bibi yangu hakuwa na fisi."

"Tunajua."

"Mnajua?"

"Hakuna anayewafuga. Wapo tu. Ila nyumba yenu ndiyo iliyowapokea, zamani hiyo, ili wasilale kwetu. Wazee wetu walituambia, tukaona ni rahisi kuwaogopa nyie kuliko kuwashukuru. Tunakuomba urudi."

Minza aliwatazama mmoja mmoja. Aliwaza maisha yake yote aliyowakimbia watu hawa.

"Nikirudi, mtakula kwangu?"

Wengine wakainamisha macho. Mahona peke yake alimwangalia.

"Hapana," alisema. "Nisikudanganye. Hata mimi sitaweza. Lakini shamba lako tutalilima, na kuni zako zitaletwa mlangoni mpaka mwisho wako."

Minza akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na wale wazee, kwa kuwa hawakujua wafanye nini, wakacheka naye kidogo.

Nyumba ya bati la bluu aliipangisha kwa familia ya ofisa wa mkoa, watu wa Iringa, wanaofurahia upepo wa pale barazani. Yeye yuko Kasoli, anafagia kila asubuhi. Wazee walitimiza neno lao. Pamba yake hupandwa kabla ya pamba ya wengine, na kuni zipo kila wakati, zimepangwa vizuri, ingawa hajawahi kumwona anayezileta. Mbuzi wa Kasoli wanaamka wazima. Mtoto wa Joyness anachechemea, lakini anasoma. Watu wa Bariadi wakimkuta sokoni bado wanaomba picha, na yeye anakubali, anawashika mabega, anawauliza habari za watoto. Watu wa Kasoli wakimwona anakuja mbio barabarani, wanaingia pembeni kwenye pamba na kumpisha, na hawatoki mara moja anapopita. Wanangoja kidogo.

Ansbert alihamishiwa Kagera kama mkuu wa shule, na kabla ya kuondoka alipita kumuaga. Alikuwa na kitambi sasa, ila saa ilikuwa bado shingoni. Alimwambia, kwa utani, wapime mara moja, kwa kumbukumbu. Akaegesha gari chini ya nguzo ya umeme, Minza akaenda hadi kwenye daraja la mtoni, akaanza.

Mwalimu alimwona akija kutoka mbali, mdogo, kisha mkubwa, shingo imenyooka. Alipokaribia, Ansbert alikuwa ameacha kuangalia saa. Alikuwa anaangalia juu ya bega la Minza, barabara ya nyuma yake, midomo imefunguka.

Minza akapita nguzo, akapunguza mwendo, akainama, mikono magotini. Alikuwa anahema.

"Muda gani, Mwalimu?"

Ansbert aliminya kitufe cha saa akiwa amechelewa.

"Mwalimu. Muda gani?"

"Umeshinda," alisema. Alifungua mlango wa gari, akaingia, akaufunga, akapandisha kioo hadi mwisho, kisha akakishusha kidogo, kiasi cha sauti kupita. "Umeshinda, Minza. Lakini kwa kidogo sana."